Wasifu wa Sikiliza Kwanza, Aliyeruka Ukurasa wa Mwisho

Dada mkubwa wa marehemu aliombwa mara tatu aandike wasifu huu, na mara tatu alikataa. Alisema nyumba hii ina mhasibu, ina mwalimu, ina watu wanaoandika kwa vidole viwili kwenye simu, halafu kalamu anapewa bibi wa miaka sabini na saba aliyeishia darasa la pili. Wakamwambia, shangazi, wewe ndiye unayejua. Ni kweli anajua. Basi kaandika, siku mbili, kwa herufi kubwa, na vidole vinamuuma. Binti wa marehemu ndiye atakayesoma. Asome polepole na asiruke kitu, hasa mwishoni, maana katika familia hii kuruka mwisho kumeshaleta balaa.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bati iliyopakana na karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa mabehewa. Mama yao alipopatwa na maradhi ya miguu, dada aliacha shule ili awepo nyumbani, na mdogo wake akaenda. Hakuna aliyemlazimisha, na anayetaka kumwonea huruma kwa hilo amekosea nyumba.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1958 hadi 1965, kisha shule ya ufundi hadi 1969, akatoka na cheti cha umeme cha daraja la kwanza. Jioni alikuwa akikaa karibu na cherehani ya dada yake na kumsomea daftari zima kwa sauti huku yeye akishona. Ndivyo dada alivyojua mambo ya waya na mawimbi bila kufungua kitabu hata kimoja.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa kituo cha simu, na huko alitumika hadi 30 Juni 2006. Huko ndiko alikokutana na mwalimu wa hesabu, ambaye wakati huo alikuwa mtu pekee mjini mwenye leseni ya redio ya ridhaa. Kwa wasiojua: hawa ni watu wanaozungumza hewani na wenzao wa mbali bila biashara, bila muziki, bila mafumbo. Kusikiliza hakuna anayekukataza. Kusema ndiko kunakotaka mtihani, leseni, na jina la hewani linalotolewa na ofisi ya leseni. Kila mazungumzo huandikwa daftarini, saa na dakika. Na kabla ya kufungua mdomo unasikiliza, kisha unauliza kama masafa yana mtu. Marehemu aliileta tabia hiyo mpaka mezani. Watu wanakula, yeye anauliza, "Kuna anayeongea?" Ananyamaza, anauliza tena, ndipo anaomba chumvi. Jina la Sikiliza Kwanza lilianzia hapo.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1978, na mke aliyemvumilia miaka arobaini na sita. Ukutani alitundika saa mbili, moja ya nyumbani na moja ya dunia nzima, ile ya kuandikia daftari. Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza akaangalia ile ya dunia, akaona bado mapema, akaendelea na chai yake mpaka basi lake likamwacha. Alikaa siku nne zaidi. Marehemu alikuwa akisema ndizo siku alizojifunza kunyamaza.

Sasa jambo lenyewe. Februari 1983 alifaulu mtihani, lakini leseni ilikuwa bado haijafika. Mtambo alikwishaujenga kwa mikono yake, uko chumbani kwenye meza ya mbao. Kwa kuogopa kishawishi, alikifunga kitufe cha kipaza sauti kwa uzi mnene, mafundo saba, akamwandikia mkaguzi wa ofisi ya leseni kwamba kimefungwa. Alikuwa anasikiliza tu.

Ijumaa, tarehe 6 Mei 1983, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, mvua ya siku tatu ikiwa imekatika, mtambo ulitoa sauti ya mwanamke mbali sana. Walikuwepo watatu chumbani: marehemu, mkewe, na dada aliyekuwa akipima pazia. Sauti ilisema ni muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya mto. Daraja limekwenda na maji. Ana mama amejifungua, damu haikatiki, na yeye ni muuguzi mwanafunzi, yuko peke yake. Akaita kituo chochote. Akanyamaza. Akaita tena.

Hakuna aliyemjibu. Dada akamwambia mdogo wake ajibu.

"Sina ruhusa," alisema marehemu.

"Ruhusa ya nini? Mtu anakufa."

"Dada, nimeapa. Wakinikuta hewani, leseni ndiyo basi, maisha yote. Nakwenda kumwita Mwalimu. Msiguse."

Akatoka mbio na baiskeli. Ikumbukwe hakuwa mwoga wala hakuwa na roho mbaya. Alizijua kanuni zile kwa moyo, na kanuni alizozijua zilisema hapana.

Muuguzi aliendelea kuita. Kila akiita, sauti ilikuwa inapungua nguvu. Mara ya sita akasema, "Kama kuna anayenisikia, nijibu hata neno moja, nijue siko peke yangu." Mkasi wa dada ulikuwa tayari mkononi, kwa ajili ya pazia. Akakata uzi, akabonyeza.

"Nakusikia, mwanangu. Mimi si mtu wa redio, ni fundi cherehani. Sema unataka nini."

Kimya. Akangoja. Akasema tena, akangoja tena, kidole kimekaza, jasho linamtoka, akaamini kule ng'ambo wameshakwenda wote wawili. Wifi yake ndiye aliyemshika mkono. "Wifi, achia kidole. Ukibonyeza humsikii." Akaachia, na sauti ya muuguzi ikamwagika chumbani, inalia, inasema asante, inasema msiondoke.

Kuanzia hapo wifi alikuwa miguu na dada alikuwa mdomo. Duka la pembeni lilikuwa na simu. Wifi alikimbia, akampata daktari wa hospitali kuu, akarudi na maneno: mkande tumbo kwa nguvu chini ya kitovu, usiache, mtoto awekwe kifuani anyonye, miguu iinuliwe. Dada akayapeleka hewani neno kwa neno. Muuguzi akauliza mpaka lini. Wifi akakimbia tena. Safari saba, na kandambili moja ilibaki barabarani. Kati ya safari na safari hakukuwa na la kusema, basi dada alikuwa akihesabu kwa sauti ili muuguzi akande kwa mpigo wake. Alihesabu mpaka mia, akaanza upya, mara kumi na moja. Saa tisa na dakika hamsini na nane mashua ya idara ya maji ilifika zahanati. Mama alikuwa hai. Alipona.

Marehemu alirudi na Mwalimu saa kumi na dakika nne, maana Mwalimu hakuwa nyumbani, alimpata kwa kinyozi akiwa amenyolewa upande mmoja. Walimkuta dada bado hewani, anamuuliza muuguzi ameposwa au bado. Marehemu akachomoa waya wa umeme. Hakupiga kelele. Akachukua karatasi, akauliza saa za kuanza na kumaliza, akamwandikia mkaguzi barua siku hiyohiyo.

"Unaniuza kwa serikali," dada alimwambia.

"Nakuandika, dada. Sikuuzi. Nikianza hewani kwa kuficha, nitaficha mpaka mwisho."

Majuma sita nyumba ile haikuwa na amani. Dada alikuwa akipeleka chakula na kukiweka mlangoni. Tarehe 21 Juni 1983 waliitwa ofisini wote wawili. Meza ndefu, watu watatu, feni haizunguki. Mkaguzi alimuuliza dada kama alijua ni kosa. Akajibu kwamba alijua, na akawauliza wao kama wanajua mtu ana damu kiasi gani mwilini. Hakuna aliyecheka. Marehemu alisimama akaomba lawama zote ziwe zake, na leseni waifute.

Mkaguzi akafungua kitabu cha kanuni, ukurasa wa mwisho kabisa, wenye kichwa cha habari "Mengineyo", akasoma: hakuna lolote katika kanuni hizi linalomzuia mtu yeyote, mwenye leseni au asiye nayo, kutumia njia aliyonayo kumjibu aliye katika hatari ya kufa.

Marehemu aliomba kitabu akajisomea mwenyewe. Kanuni alizokuwa akizijua alizinakili kwa mkono kutoka kitabu cha Mwalimu, na alipofika ukurasa wa Mengineyo akauruka, akidhani mtihani hauulizi mambo ya mkiani. Walipokuwa wanashuka ngazi alimwambia dada yake, "Ningetii ukurasa ambao sikuusoma, ningejibu dakika ileile." Dada akamshika mkono kama zamani wakivuka reli.

Leseni yake ilifika tarehe 30 Agosti. Dada naye alipata barua, ya onyo, kwa zile dakika sita za posa baada ya hatari kwisha. Iko kwenye fremu sebuleni. Ndiyo barua pekee ya ofisi iliyowahi kuandikwa kwa jina lake, na haiondoi.

Tangu hapo marehemu alifundisha watu kumi na tisa mpaka wakapata leseni, na wote aliwaanzishia ukurasa wa mwisho. Kila tarehe 6 Mei alimletea dada fomu ya mtihani. Kila mwaka dada aliirudisha, akisema aliyekwishajibu siku ile haulizwi maswali arobaini.

Julai 2023 koo lilianza kumsumbua. Januari 2024 alifanyiwa upasuaji, akabaki na uhai bila sauti. Hakukata tamaa, akarudia alama za Morse, fupi na ndefu, hewani kwa kitufe na nyumbani kwa kijiko juu ya sinia. Dada alizishika kwa miezi minane. Herufi ambazo macho yalikuwa yakizikimbia tangu darasa la pili, masikio yalizipokea.

Jumamosi, tarehe 1 Februari 2025, alasiri, marehemu aligonga: fomu. Dada akagonga: hapana. Marehemu akagonga: kwa nini? Miaka arobaini na moja alikuwa akileta fomu, hakuwahi kuuliza kwa nini. Dada akagonga jambo ambalo mdomo wake haujawahi kumwambia mtu: sisomi haraka, naona aibu. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaonyesha kitabu kipya cha kanuni, akagonga neno moja: Mengineyo. Dada aliufuata ukurasa ule kwa kidole mpaka akapata: mtahiniwa asomaye kwa shida atasomewa maswali kwa sauti, naye atajibu kwa mdomo. Ukurasa ule marehemu aliufundisha kila mwaka.

"Ungesema," aligonga.

"Ungeuliza."

Alicheka bila sauti, mabega tu. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa mbili asubuhi kwa saa ya nyumbani.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, wanafunzi kumi na tisa, na dada mmoja. Alale salama, kazi yake ya kusikiliza imekwisha.

Ninyi wa chama cha redio na wa ofisi ya leseni mlioketi safu ya pili, msiinuke bado. Leseni yake imekwisha pamoja naye, na kanuni zinasema mtambo ufungwe; nyumba isipopata mwenye leseni katika siku tisini, utatoka. Dada amekifunga kitufe mwenyewe, kwa uzi mnene kama ule, mafundo saba. Jumamosi, tarehe 22 Februari, saa nne kamili kwa saa ya nyumbani, mleteni maswali arobaini, na mtu mwenye sauti ya kuyasoma. Atakuwa amekaa mezani. Mkasi upo kwenye droo, na asingependa kuutumia mara ya pili.