Suruali Zilizonunuliwa Kwingine

Ndugu zangu, Wakristo mliopo, Waislamu mliopo, na ninyi mliokuja kwa ajili ya pilau tu, wote nawasalimu na nawashukuru kwa kunipa nafasi. Ndugu yetu aliyetangulia ametueleza jinsi alivyoachana na pombe, na amenipa moyo. Yangu ni tofauti kidogo. Mimi niliangushwa na duka.

Najua mnacheka. Chekeni tu, hata mume wangu alicheka mara ya kwanza. Baadaye hakucheka tena.

Nilikwenda Malaysia nikiwa binti wa miaka ishirini, kwa ufadhili wa kusomea biashara. Asubuhi ya kwanza bwenini mpishi akaniambia, "Apa khabar?" Nikasikia habari! Nikamjibu, "Nzuri," akanishangaa. Kumbe ni lugha yao, na neno limetoka kule kule lilikotoka letu, kwa Waarabu. Tangu siku hiyo nikawa nawinda maneno. Sabuni ni sabun, dunia ni dunia, kamusi ni kamus. Nilikuwa mtu wa namna hiyo, wa kutaka kujua kila kitu. Liwekeni hilo akilini, maana ndilo nililolipoteza.

Nilipomaliza masomo nikapata kazi kwenye kampuni ya maduka makubwa, yale ya ghorofa tano au sita, ambayo mtu anaingia na mtoto asubuhi anatoka jioni. Jina la kampuni sitalitaja. Ilianza na duka moja la vitambaa la mzee mmoja, na mimi nilipoajiriwa ilikuwa na tawi katika kila mji mkubwa, na bado inafungua mengine. Wakaniweka kwenye timu ya kufungua matawi.

Jamani, ile kazi niliipenda! Unaingia kwenye jengo tupu linalonuka rangi na saruji. Miezi michache baadaye taa zinawaka, muziki unapigwa, na watu wamepanga foleni hadi barabarani. Na mimi nauliza. Kwa nini manukato yanakaa ghorofa ya chini? Kwa sababu mtu akinusa kitu kizuri mlangoni anapunguza mwendo. Kwa nini ngazi za umeme za kupanda ziko huku na za kushuka ziko kule? Ili anayeshuka azunguke, apite tena kwenye bidhaa. Wakubwa walinicheka wakasema huyu Mwafrika anauliza kama polisi. Lakini walinipenda, na baada ya miaka wakanipa tawi langu mwenyewe. Nikawa meneja.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli. Siku nilipopata ofisi yenye mlango niliacha kuuliza. Nikaanza kujibu.

Katika tawi langu, ghorofa ya tatu, kulikuwa na mama mmoja fundi cherehani. Kazi yake ilikuwa kupunguza suruali, kubana kiuno, kubadilisha zipu. Huko mama wa makamo humwita Makcik, kama sisi tunavyosema mama mdogo. Na mimi nilimwita hivyo. Kila asubuhi nilipita mezani kwake nikasema, "Makcik, habari?" naye akaitikia huku pini ziko mdomoni. Sikumbuki kama niliwahi kusimama nikasubiri azitoe.

Basi mambo yakaanza kubadilika. Ng'ambo ya barabara likajengwa jumba la maduka mara tatu ya letu, lina sinema na barafu ya kuteleza ndani, kwenye nchi ya joto vile! Vijana wakawa wanakuja kwetu kujaribu viatu, wanavipiga picha, kisha wanaviagiza kwa simu kutoka kwingine. Na makao makuu walifanya nini? Wakafungua matawi zaidi. Wakavuka mpaka, wakaenda nchi jirani. Kila tawi moja lilipoumwa, walikata utepe wa jingine. Mimi mwenyewe nilipiga makofi kwenye sherehe mbili za namna hiyo.

Kisha yakaanza kufungwa. Moja, halafu matatu kwa pamoja. Siku moja nikaitwa makao makuu nikaonyeshwa orodha, na tawi langu lilikuwemo. Nikaambiwa nisiseme neno mpaka watangaze wenyewe.

Kesho yake, kama kila siku, wafanyakazi walikusanyika kabla ya milango kufunguliwa. Kaka mmoja wa sehemu ya viatu akanyoosha mkono. Alikuwa na watoto wawili, na kila mtu alijua ameitwa kazi mahali pengine na wanataka jibu wiki ile ile.

"Meneja," akasema, "tunasikia mengi. Tawi letu linafungwa au halifungwi?"

Nikatabasamu. Nilikuwa nimefundishwa kutabasamu. Nikasema, "Tawi hili halifungwi. Haya, kila mtu kwenye nafasi yake."

Akapumua, akasema, "Asante, meneja." Nilimwona Makcik amesimama nyuma, utepe wa kupimia shingoni. Aliniangalia, kisha akainamisha macho.

Baada ya miezi minne tulifunga. Siku ya mwisho zile sanamu za kuvalishia nguo zilipangwa uchi ukutani, na zenyewe zinauzwa. Wateja ambao hatukuwaona kwa miaka walikuja kupiga picha wakisema, jamani, mama yangu alininunulia sare za shule hapa. Kaka wa viatu alikuwa anafunga maboksi. Mimi nilitoka kwa mlango wa mizigo. Sikumuaga mtu.

Wakati ule mume wangu alikuwa ameshapata kazi hapa Stockholm. Tukahamia mtaa wa Rinkeby, ghorofa ya sita, binti yetu akiwa na miaka mitano. Na hapo ndipo nilipoanguka. Kwa wiki za kwanza nilidhani ni baridi. Lakini nikawa siwezi kuingia dukani. Duka lolote! Mnalijua lile duka la Waafrika karibu na stesheni, lenye unga wa sembe na dagaa? Nilifika mlangoni mara tatu nikarudi. Nikiona karatasi imebandikwa kwenye kioo, kama zile za kutangaza kufunga kwetu, nasikia ile sauti, asante, meneja. Kwa miaka miwili mume wangu alinunua kila kitu kilichoingia nyumbani, hadi nguo zangu za ndani. Samahanini, lakini nimeambiwa niwe mkweli.

Nilikwenda kituo cha afya, nikasaidiwa, na yeyote hapa anayeona aibu kwenda aje tuzungumze pembeni. Usingizi ulirudi. Furaha haikurudi.

Binti yetu, kama wa kwenu, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Jumamosi moja anavaa viatu aende sokoni na baba yake, akaniuliza, "Varför följer du aldrig med?" Kwa nini huji nasi kamwe? Baba yake akamwambia, "Mama alikuwa na duka, likafa, ndiyo maana ana huzuni."

Mtoto akaniangalia. "Varför dog affären?" Kwa nini duka lilikufa?

Nikafungua mdomo nimjibu. Nimesomea biashara, nimekuwa meneja miaka sita. Nikasema ni simu. Akasema, varför? Nikasema ni lile jumba la jirani. Varför? Baba yake akamshika mkono. Wao wakaenda zao, mimi nikabaki mlangoni na soksi zangu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikasikia ule mwasho wa zamani wa kutaka kujua. Kweli, kwa nini?

Nikaanza kutafuta. Nilikwenda maktaba nikasoma habari za kampuni yetu na nyingine kama hizo za Japani na Hong Kong, zilivyotanuka na zilivyonywea. Nikapanda treni hadi Jakobsberg, nikakaa kwenye benchi katikati ya maduka na daftari, naangalia watu wanaingia wapi na wanatoka na nini. Siku nne sikuingia duka hata moja. Siku ya tano nikaingia, kwa sababu nilitaka kujua kwa nini kila mtu anatoka duka fulani na mfuko mdogo. Nilikuwa ndani tayari nilipokumbuka kwamba mimi siingii madukani.

Sasa, katika darasa langu la Kiswidi kulikuwa na dada wa Burundi. Nikamweleza yote niliyoyaandika. Alinisikiliza hadi chai ikapoa.

Akasema, "Dada, weye unauliza vitabu, unauliza mabenchi. Ule mama wa cherehani iko na simu, ao hana?"

Nikasema, "Anayo."

"Sasa mbona hauulize yeye?"

Nikamwambia naogopa. Akasema, "Ogopa, halafu upige."

Nikapiga siku ya Jumapili asubuhi, kule ikiwa mchana. Akatokea kwenye kioo cha simu, kazeeka kidogo, pini mdomoni vile vile. Safari hii nilisubiri azitoe.

"Meneja!" akasema. "Umekonda."

Nikaanza kulia. Nikamwambia, Makcik, nilijua. Ile siku niliyosema halifungwi nilikuwa nimeiona orodha. Nimepiga kukuomba msamaha.

Akasema, "Mimi nilijua kabla yako."

"Kabla yangu vipi? Orodha ilikuwa siri."

"Orodha gani? Mimi nazungumzia suruali. Zamani kila suruali niliyopunguza ilikuwa imenunuliwa ghorofa ya pili, kwetu. Kisha wakaanza kuniletea zilizonunuliwa kwingine. Moja kwa wiki, halafu nusu, halafu zote. Wateja walikuja kwetu kwa ajili yangu tu, nguo wamenunua nje. Miaka mitatu nilizishona. Nikasema, hili duka limeshakwisha."

Ndugu zangu! Miaka mitatu! Kule juu sisi tulikuwa tunalipa wataalamu watuambie wateja wamekwenda wapi, na jibu lilikuwa mezani kwake, lina lebo ya jirani.

Nikamuuliza, "Makcik, mbona hukuniambia?"

Akanijibu bila hasira, "Hukuniuliza. Ulisema habari, ukapita."

Nikamuuliza kama nilimharibia maisha. Akacheka kwa sauti. Akanigeuzia simu nione chumba chake cha kushonea, chini ya jengo anakoishi, na mjukuu wake mdogo amelala juu ya marundo ya vitambaa. Akasema, "Usijipe ukubwa. Mimi sikukuamini hata siku ile." Kisha akairudisha simu usoni pake. "Lakini yule wa viatu alikuamini. Aliikataa ile kazi. Mimi usinipigie tena kabla hujampigia yeye."

Ilinichukua wiki mbili. Nilipompigia nilisema yote, bila kusema wakubwa waliniamuru, ingawa waliniamuru. Nikamwambia, uliniuliza swali la kweli nikakupa uongo, na watoto wako walilipa. Nikasikia pikipiki zinapita kule kwake. Akasema, "Nimesikia. Asante kwa kupiga." Akakata. Baada ya hapo nimemwandikia mara moja tu, na hajajibu. Sitamsumbua. Ana haki ya kutonijibu. Baada ya ile simu sikujisikia mwepesi, kama watu wanavyosema. Nilijisikia nimesimama kwa miguu yangu, basi.

Leo nafanya kazi Tumba, kwenye duka la mitumba. Nilianza nyuma, kuchambua magunia, na sasa naliongoza. Watu wananiuliza kama si kushuka cheo. Siyo. Kila Jumatatu tunakaa na chai, na wa kwanza kusema ni dada anayepiga pasi, maana yeye ndiye anayeona nguo zote. Mwezi uliopita wenye duka walitaka tufungue duka la pili. Yeye akasema nguo nzuri zinazoletwa zinapungua, za duka la pili tutazitoa wapi? Hatukufungua.

Nimshukuru mume wangu, aliyejua saizi zangu zote na hakunitangaza kwa mtu. Nimshukuru muuguzi wa kituo cha afya, na yule dada wa Burundi aliyeacha chai yake ipoe kwa ajili yangu. Nimshukuru binti yangu kwa kuuliza varför mara tatu, maana mara mbili zisingetosha. Na Makcik, ambaye sasa nampigia kila mwezi.

Ninalowaachia ni hili. Ukipewa kitu cha kuongoza, nyumba, kikundi, kanisa, msikiti, hata hiki chama chetu, mtafute yule ambaye kazi inapita mikononi mwake. Muulize, kisha nyamaza mpaka amalize. Na mtu akikuuliza jambo lenye maisha yake ndani, mpe ukweli, au mwambie kwamba umekatazwa kusema. Hilo la pili ningeweza kulisema asubuhi ile. Yule kaka angelielewa.

Nimemaliza, mwenyekiti. Lakini nisikae bado, kuna dada pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu. Dada, karibu, uliza. Sogea mbele kidogo nikusikie vizuri.