Batula Godhana, Aliyepanuliwa Taya Ukubwani

Marehemu Batula alizaliwa tarehe 4 Mei 1974 huko Wenje, kifungua mimba wa mzee Godhana Wako na mama Nurto. Alisoma hapo hapo hadi darasa la nane, mwaka 1989.

Mwaka 1995 aliolewa na Abdiaziz Nuh, wakahamia Garsen. Mwaka 2001 alifungua hoteli yake karibu na stendi, na abiria wa Lamu wakaizoea nyama yake. Yeye mwenyewe hakuweza kuila. Taya lake la juu lilikuwa jembamba kuliko la chini, meno hayakukutana, na kila akitafuna kidevu kilikwenda upande. Alikula uji na viazi vya kupondwa, akicheka kwa kujiziba na mtandio.

Mwaka 2017, akiwa na miaka arobaini na mitatu, daktari wa meno Mombasa alimwambia kwamba kwa mtu mzima mfupa wa kaakaa umeshashikana. Sharti ulegezwe kwa upasuaji, ndipo kifaa chenye skrubu kiupanue polepole. Ndugu waliogopa. "Umri huu, meno ya nini?" mama akauliza.

"Ya kulia, mama," Batula akajibu, akaenda.

Aliporudi, mdogo wake Sabdio ndiye aliyezungusha skrubu kwa ufunguo mdogo. Kila asubuhi Batula aliachama na kumwita, "Njoo ufungue duka." Siku moja Sabdio akapiga ukelele: meno ya mbele yalikuwa yameachana. Akampigia daktari simu. Daktari akacheka: "Hiyo ndiyo tuliyoingojea. Mfupa umefunguka." Abdiaziz akaja mbio kuutazama mwanya huo, akaomba usizibwe.

"Nilitaka kutafuna, sikutaka kupambwa," Batula akasema. Akavaa nyaya za kupanga meno mpaka 2019. Zilipotolewa, alikaa katikati ya hoteli, akatafuna mshikaki kushoto na kulia, wateja wakimpigia makofi. Alikula, analia, anaagiza mwingine.

Ugonjwa wa figo ulimpata 2024. Alitibiwa Malindi, akafariki nyumbani Garsen Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mume, mama yake, Sabdio, watoto Ifrah na Bishara, na mjukuu mmoja.

Mola amrehemu, ampe raha asiyoichoka.