Boksi la Machungwa la Mwalimu Sabuni

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mwalimu Sabuni atarudisha ufunguo wa chumba cha mafunzo baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika hospitali hii. Jina lake la kwenye faili wanalijua wa ofisi ya utumishi. Sisi wengine tunamwita hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuvuka mlango wake bila kunawa mpaka viwiko, hata mkuu wa shule mmoja aliyekuja na suti mpya.

Alianza kama muuguzi. Mwaka wa sita akaomba apewe stoo iliyojaa vitanda vibovu, akaipaka rangi mwenyewe na kuanza kualika shule. Asubuhi alifundisha afya: hedhi, meno, dawa za kulevya, bila kuzunguka mbuyu. Mchana ilikuwa zamu ya kazi. Aliwatembeza wanafunzi maabara, famasi, dobi na jikoni kwangu, maana aliamini hospitali haiendeshwi na madaktari peke yao. Kuna mmoja aliyeapa kuwa daktari wa upasuaji. Alipoona chupa ya damu alianguka kama gunia. Leo ndiye fundi wetu wa mashine za oksijeni.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ni mpishi mkuu na nimefanya naye kazi muda mrefu. Ila kuna siku moja ambayo ninyi mnaijua nusu tu.

Miaka kumi na moja iliyopita, wanafunzi ishirini na nne walikuwa wakijifunza kudunga sindano kwenye machungwa, kila mmoja na lake. Kawaida yake ni kukagua vifaa vyote kabla mtu hajatoka. Bomba moja lilirudi bila sindano. Ilikuwa imekatikia ndani ya chungwa. Akaliendea boksi la machungwa mlangoni. Halikuwepo.

Boksi hilo aliliandika ubavuni: YA WATOTO. Kwake wanafunzi wote ni watoto, hata wenye ndevu. Jikoni kwetu “watoto” ni wodi ya watoto. Nilikuwa nimeshalichukua, tumekata vipande vinne vinne, na masinia mawili yameshapelekwa juu.

Alipoambiwa hivyo jikoni, alipanda ngazi za orofa mbili, mimi nyuma yake, akipiga kelele, “Msile! Wekeni chini, msile!” Mtoto mmoja alishatia kipande mdomoni. Mwalimu akakitoa kwa kidole, na mtoto akamng'ata. Mama yake akaja juu: “We mama, una wazimu?” Tukaketi sakafuni, yeye, muuguzi wa zamu na mimi, tukaminya kipande kimoja kimoja, vyote tisini na sita. Tulipofika cha sabini bila kuona kitu, hakuna aliyethubutu kumtazama yule mtoto. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Sindano ilikuwa kwenye kipande cha themanini na mbili.

Kikaoni mganga mkuu wa wakati ule alitaka chumba kifungwe moja kwa moja. Mwalimu akasimama, akasema kosa ni lake, ameandika neno lenye maana mbili, wanafunzi wasiadhibiwe. Akapewa barua ya onyo. Cheo cha mkuu wa mafunzo kikampita. Programu ikasimama muhula mzima, kisha akaianza upya, shule moja baada ya nyingine.

Nusu nyingine ni hii. Boksi lile lilikuwa na kifuniko, na juu yake aliandika kwa wino mwekundu: SI YA KULA. Nilikibandua mimi, kwa haraka, bila kukisoma, nikakitupa kwenye pipa la jikoni. Kabla ya kikao alikuja jikoni, akakiokota, ndipo nami nikayaona maandishi, akakikunja na kukitia mkobani. Mkataba wangu ulikuwa unangoja kusainiwa upya mwezi ule, naye alijua. Hakuniambia neno. Nami sikusema, si kikaoni wala baadaye, mpaka leo kwenye karatasi hii, ambayo nakala yake nimeshaipeleka kwa mganga mkuu ili iwekwe kwenye faili lake, mbele ya ile barua ya onyo.

Dada yangu, hospitali nzima inakushukuru kwa vijana wote uliowapitisha mikononi mwako, na inakuombea afya na siku nyingi za raha na wanao. Mimi nakuomba radhi. Nenda kapumzike, jina lako likiwa safi.