Mzee Chuwa na Kifungu cha Miteremko

Ndugu Evance Chuwa anastaafu tarehe 30 Juni 1997, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya majengo hapa Morogoro kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja kutoka Marangu akiwa kijana mwembamba mwenye cheti cha ufundi. Anaondoka mkaguzi wa majengo, na wembamba amewaachia wengine.

Wengi mnamjua kwa futi yake ya mbao, ambayo hajawahi kumwazima mtu, na kwa tabia ya kugonga kuta za kila nyumba anayoalikwa, hata msibani. Biashara huria iliporuhusiwa na kila aliyepata mabati akaanza kujenga, mafundi wa Mwembesongo walikuwa wakiiona baiskeli yake kwa mbali wanaongeza saruji kwenye zege.

Lakini kazi ninayotaka ikumbukwe ni ya mwaka 1994. Ililetwa rasimu ya kanuni za ujenzi za taifa zima, tukatakiwa kukusanya maoni ya wananchi. Kifungu kimoja kilidai kwamba anayejenga mteremkoni lazima kwanza auchonge mlima, apate tambarare ya upana wa mita kumi na tano. Mzee Chuwa aliwaalika wakuu wa kaya wa vijiji vitatu vya Mgeta. Wakaja wanaume, wakanywa chai, wakakubali kila kitu. Ripoti niliipiga chapa mimi.

Kumbe tulikuwa tumekosea watu. Kule Uluguru, iliko Mgeta, ardhi ni ya ukoo wa mama, na wengi wa waliokuja walikuwa wamejenga ukweni. Siku tatu baadaye Bibi Theresia Mkude alishuka kwa miguu hadi ofisini, akaitikia shikamoo zetu, kisha akasema bila hata kuketi: "Wale mliowanywesha chai ni wakwe zetu. Viwanja ni vyetu, na mlima mkiuchonga hivyo utatufukia sisi."

Mzee Chuwa, aliyekulia kwenye desturi ya shamba kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, aliinamisha kichwa. Halafu akaifuta ripoti. Zilibaki siku tisa kabla ya mwisho wa kupokea maoni. Orodha ya watakaopunguzwa kazini ilikuwa inaandaliwa, na mkuu wetu wa wakati huo alimwonya kwamba atakayechelewesha ripoti atakuwa wa kwanza. Nami nilimsihi aache, kwani alikuwa na watoto wanne shuleni. Alichukua futi yake akaondoka.

Alipanda na kushuka milima siku saba. Akina mama walimwonyesha nyumba imara zilizojengwa kwa kuchonga kidogo na kupanga mawe, na mahali pawili ambapo mlima ulichongwa sana, udongo ukawaporomokea watu. Alirudi kiatu kimoja kimefungwa kamba, mkononi ana kurasa arobaini. Nilipiga chapa hadi vidole vikavimba. Ripoti iliondoka siku ya mwisho.

Hakupunguzwa, ila alipelekwa stoo miezi kumi na minne kuhesabu misumari. Barua ilimkuta huko: kifungu cha miteremko kimeandikwa upya kwa kufuata maelezo ya akina mama wa Mgeta. Aliomba ruhusa ya siku mbili, akapanda kuwapelekea habari.

Nakiri mbele ya wafanyakazi wote kwamba nilikosea, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Asante, Mzee Chuwa, kwa kutonisikiliza. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya furaha.

Rahel Mdoe, mpigachapa