Profesa Urbanus Mwendwa Kimanzi, Mwalimu wa Sauti Nne (1959–2025)

Profesa Urbanus Mwendwa Kimanzi alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Ngoliba, mashariki ya Thika, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kimanzi na marehemu Mama Syombua, wakulima na watu wa kanisa. Alipotumwa kufukuza ndege katika shamba la mtama, aliwapanga watoto wa majirani kwa sauti nne ili wawafukuze kwa wimbo. Ndege waliuzoea wimbo, mtama ukaliwa, na Mwendwa akachapwa. Mama yake alikisimulia kisa hicho kwa fahari, hasa baada ya mwanawe kuitwa profesa.

Alisoma shule ya msingi hapo Ngoliba, kisha sekondari mjini Thika. Piano aliigusa mara ya kwanza mwaka wa 1980, alipoingia chuo kikuu. Muziki alikuwa ameusoma kwa solfa, do re mi ya ubaoni kanisani, kama wengi wetu. Alihitimu mwaka wa 1983, na mwaka wa 2003 akapata shahada ya uzamifu.

Alifundisha sekondari kwa miaka kumi kabla ya kuajiriwa kuwa mhadhiri wa nadharia ya muziki mwaka wa 1994. Akawa profesa mwaka wa 2014. Nadharia ni somo ambalo wanafunzi huliogopa kama sindano. Waliotoka kwaya za makanisa walijua solfa tu, na nota za mistari mitano ziliwatoa jasho, kwa hiyo yeye alianza na solfa yao. Mwenzake alipomwambia, “Prof, hii ni university, sio kwaya,” alimjibu, “Na wewe ulitoka wapi kabla ya university?” Jumamosi alikuwa mtaani Landless, Thika, akifundisha kwaya bila malipo, na hakumfukuza mtu kwa kuimba vibaya. Walimu wengi wa kwaya walio hapa leo walipitia mikononi mwake, na tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Tarehe 3 Desemba 1988 alifunga ndoa na Emmah Nyawira, binti wa Ruiru, mwenye duka la nafaka pale Kimbo. Waliishi Landless, kisha wakajenga Mugutha mwaka wa 2005. Mungu aliwajalia Mutinda na Janice. Nyawira hakuwa akiimba. Shuleni mwalimu alimwambia achezeshe midomo tu asije akaharibu wimbo, na samaki hukunjwa angali mbichi: alichezesha midomo kanisani zaidi ya miaka thelathini, kando ya profesa wa muziki. Mwendwa alijua tangu Jumapili ya kwanza. Hakumwaibisha hata siku moja.

Agosti 2024 alipatwa na kiharusi kilichomnyima maneno na mkono wa kulia. Nyawira aliogopa jambo moja, kwamba hawatazungumza tena. Mkono wa kushoto ulibaki, na kwa huo Mwendwa akaanza kuonyesha ishara: ngumi, kiganja, kidole, kila ishara sauti yake ya solfa. Nyawira hakuelewa kitu. Warigia, mwanafunzi wa zamani wa Mwendwa, alipokuja kumwona mgonjwa, aliutazama mkono ule kisha akacheka.

“Mama, anataka uimbe. Anakupa sauti ya pili.”

“Mimi? Mwambie aache mchezo. Nitaharibu.”

“Haribu tu. Atarekebisha.”

Akaharibu kweli. Mkono ulipanda, ukashuka, ukamrudisha mwanzo bila kuchoka, kama ulivyowafanyia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Waliimba hivyo kila jioni, na mama aliyedhani mazungumzo ya nyumba yake yamekwisha akapata mengine.

Asubuhi ya tarehe 11 Juni 2025, katika hospitali moja mjini Thika, Nyawira alimwimbia kwa sauti, wodi nzima ikisikia. Mkono haukumsahihisha. Hajui kama hatimaye alikuwa ameipata sauti, au mwalimu alikuwa ameshapumzika. Anashukuru, vyovyote ilivyokuwa.

Profesa amemwacha mjane wake, Nyawira, watoto wake, Mutinda na Janice, mkwewe, Chege, wajukuu wake, Kui na Syombua, dada yake, Nzilani, pamoja na wanafunzi wasiohesabika.

Nyawira ameomba aanzishe wimbo wa kaburini yeye mwenyewe. Akianza juu mno, tumfuate huko huko juu.

Mwalimu wetu, pumzika kwa amani.