Kura ya Mwalimu Arlys Haugdahl

Wapendwa mliojaa kanisani humu licha ya theluji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mama yetu, Arlys, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya Bergby, Minnesota, akasoma hapahapa, akahitimu ualimu mwaka 1968, kisha akafundisha hesabu na kuwatoa jasho wengi wenu mnaocheka hapo nyuma.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na mwalimu mwenzake, Delmar, wakajaliwa watoto wawili, Karsten na Signe anayewasomea.

Mwaka 2006 mlimchagua kwenda Bunge la jimbo, akaapa mbele yenu kwamba hataunga mkono bajeti itakayogusa fedha za shule. Julai 2011 wabunge walishindwa kuelewana kuhusu bajeti, serikali ya jimbo ikafungwa kwa kukosa fedha zilizoidhinishwa, wafanyakazi wakakaa bila mshahara, na jirani yetu asiyeona, Bi. Rantala, akakosa mtu wa kumpeleka kliniki. Mama akampeleka mwenyewe, na ilipoletwa bajeti ya maridhiano ya kuifungua serikali, iliyochelewesha fedha za shule, akapiga kura ya ndiyo.

Jumapili iliyofuata, kwenye kahawa baada ya ibada, Mzee Wendell Aho alimpasha, "Mwalimu, umekula matapishi yako!" Mama akajibu, "Nimeyakula, Wendell, tena machungu, hebu sogeza hiyo keki nishushie." Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa Baba. Mwaka uliofuata mlimwangusha, na Baba akamwambia mezani kwamba hata yeye hakumpigia kura. Mama akamwongezea kahawa. "Mume wangu," akasema, "ungenificha ndipo ningekasirika."

Alistaafu kwa furaha, akifundisha watoto hesabu maktabani, hadi Agosti 2023 alipogundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani tarehe 18 Januari 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliozoa theluji mlangoni bila kuombwa, walimu, na wabunge wa vyama vyote viwili mliokaa benchi moja leo.

Baba ameruhusu haya yasomwe kwa sharti moja, tutamke mbele yenu kwamba hadi leo hakubaliani na kura ile, na kwamba angemwoa tena kesho asubuhi.

Umemsikia, Mama. Sasa pumzika kwa amani.