Harusi Niliyoirudisha Mlangoni

Ndugu zangu, mkiniona napangusa mikono kwa suruali, si joto. Bado naogopa watu. Lakini mmeniambia nisimame, basi nivumilieni.

Gitaa nilijifunza mwenyewe, kwa nyumba ya mabati kule mtaani Silanga. Nilikuwa naweka kitambaa chini ya nyuzi ili zilie kavu kama nyatiti, kile kinubi cha kienyeji, halafu najirekodi kwa kaseti. Nikikosea mahali padogo tu, nafuta yote naanza upya. Nilidhani hiyo ndiyo kazi safi.

Sasa nikaitwa kupiga kwa harusi hapa Kawangware. Mnajua bibi harusi wa kwetu anavyoingia kanisani: hatua mbele, nusu nyuma, akina mama wakiyumba naye. Huyo wa siku hiyo alikuwa amefika katikati, kidole changu kikateleza. Nawaambia ukweli, hakuna aliyesikia. Lakini mimi nikanyamazisha gitaa, nikasema, "Samahani, turudie."

Na yule bibi harusi, kwa heshima yake, akageuka. Msafara wote ukarudi mlangoni. Nikakosea tena, nikasema tena turudie. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu kijana anatuoza ama anatufukuza?" Kanisa likacheka. Kwaya ikaanza kuimba bila mimi.

Nikafunga gitaa kwa gunia. Sikuligusa mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtu asiyefanya kazi.

Halafu siku moja jirani yangu, mama wa mtoto mchanga, akagonga ukuta. Ukuta wetu wa mabati ni mmoja.

"Msanii, gitaa umeuza?"

"Hapana. Nimeacha. Nilikuwa nakosea sana."

"Na huyu atalala na nini? Kila mchana alikuwa analala ukirudia pale pale. Ukimaliza wimbo ndio anaamka."

Nilicheka, kisha nikalia. Nikaenda nikakaa mlangoni pake, nikapiga. Nikakosea, mkono ukataka kusimama. Akaninong'oneza, "Ukisimama, utambeba wewe."

Basi nikalirudia lile kosa polepole, tena na tena, mpaka likapata njia yake. Mtoto akalala. Huo ndio wimbo wangu wa kwanza ambao sikuufuta.

Namshukuru mama huyo. Nawashukuru nyinyi mnaonipa nafasi hapa hata nikija nikitetemeka. Na wewe unayengoja kazi yako ikamilike kabisa ndipo uitoe, kuna mtu anaihitaji hivyo ilivyo.

Sasa naomba kiti, niwapigie huo wimbo. Nikikosea, mtanisikia nikiendelea.